Shamba la Juu Lililo Chini

Jumatatu, 5 Julai 1976

Siku ya kumi na tisa bila tone la mvua. Kaka yangu Wattie anahesabu. Mimi nimeacha.

Mchungaji Laidlaw kaja asubuhi, jasho limemlowesha kola. Kanisa linatimiza miaka mia mbili mwezi Septemba, kitachapwa kijitabu. Anataka sura moja kuhusu majina ya parokia yetu – vilima, vijito, mashamba – yametoka wapi na yana maana gani. Kazi hiyo ni yangu, anasema, kwa kuwa nilifundisha shule ya bonde hili miaka thelathini. Nikamwambia nilifundisha hesabu na Biblia, Kigaeli, lugha ya wazee wa bonde hili, sijui hata neno la kuombea maji. Akacheka. "Basi utajifunza, Bi Gow. Shule imefungwa, nafasi unayo."

Nafasi! Nina kuku arobaini na kaka mmoja.

Lakini nimekubali. Kusema kweli nilikubali kabla hajamaliza chai yake. Miaka hamsini na minane naishi katikati ya majina haya na sijawahi kuyauliza kitu.

Jumatano, 7 Julai

Gari la maktaba limeniletea kamusi. Nzito kama tofali. Nimekaa nayo mezani tangu saa nne mpaka viazi vikaungua.

Kilvernan, parokia yetu – "kil" ni kijumba cha mtawa. Kwa hiyo sisi ni kijumba cha Vernan. Vernan ndiye nani? Hakuna anayejua. Mtakatifu aliyesahauliwa na kila mtu!

Tom na Croich – kilima cha kunyongea watu!! Hapo ndipo Chama cha Akina Mama tunapotandika mikeka yetu ya pikiniki kila Juni. Nilicheka peke yangu jikoni. Sitamwambia Bi Laidlaw mpaka ameze keki.

Altnamuick – hoteli ya yule Kanali mstaafu kutoka Uingereza. Kamusi inasema kijito cha nguruwe.

Halafu kwetu. Croftvary. Nilimuuliza Wattie wakati wa chakula. Hakuinua hata uso kwenye sahani. Shamba la juu, kasema. Baba alisema hivyo, na babu alisema hivyo. Nikatazama. "Bàrr", juu, kilele. Kamusi inakubali.

Ila Croftvary hasa ni lile konde la mtoni, nyumba na shamba zima vilichukua jina lake. Na lile konde ndilo mahali pa chini kuliko pote parokiani. Kila majira ya baridi mto unalala humo. Juu ya nini, jamani?

Jumamosi, 10 Julai

Nilikwenda hotelini kwa heshima zote. Kanali aliniambia Altnamuick ni kijito cha malkia – ameiandika kwenye menyu kwa herufi za dhahabu. Nikamweleza. Akauliza kama kuna uwezekano wowote kwamba ni nguruwe wa kifalme.

Namhurumia. Lakini si sana.

Jumatatu, 12 Julai

Kamusi haitoshi. Ramani iliandikwa na wageni waliosikia nusu nusu, kila jina limepindwa. Mchungaji anasema kuna mtu mmoja tu aliyebaki bondeni ambaye Kigaeli alikinyonya kwa mama yake: Peigi Crerar, kule mwisho wa barabara. Miaka themanini na saba.

Sasa hapo pana neno. Sisi akina Gow na wao akina Crerar hatusemezani. Hatujawahi. Hata ibada wao huvuka mlima kwenda kanisa la parokia ya pili, maili sita, kanisa letu likiwa pale chini mbele ya macho yao. Kwa nini? Utotoni niliuliza nikaambiwa nile uji wangu. Leo nimemuuliza Wattie. "Wana kiburi." Basi.

Kesho kutwa nakwenda. Sijamwambia.

Jumatano, 14 Julai

Nimekwenda!

Alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, fimbo mapajani, macho yamefifia lakini masikio – eh! Alisikia gari langu toka darajani. Akauliza mimi ni wa nani. Nikasema Netta Gow, wa Croftvary.

"Sema tena."

"Croftvary."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Unalitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kaa chini."

Nilikaa kwa muda wa saa tatu. Sijawahi kukaa darasani namna hiyo! Alikuwa akinyoosha fimbo na pale inapoelekea pana jina. Mimi nilidhani ni mlima tu. Kumbe kuna Jiwe la Mwizi, kuna Kibonde cha Samaki, kuna Kitanda cha Mwanamke Mnene – akakataa kunieleza cha mwisho, "wewe ulikuwa mwalimu." Kona moja ya kijito ina majina mawili, la kiangazi na la masika. Nimejaza daftari zima. Mkono unaniuma.

Nilipouliza la kwetu aliishusha fimbo. Akasema la kwenu si la leo. Akaniuliza kama kuku wangu bado wanataga katika joto hili.

Jumanne, 20 Julai

Nyasi zimekatwa na kukauka siku hiyo hiyo, Wattie hajawahi kuona jambo kama hilo. Ana furaha na ana hofu. Kisima cha juu kimebaki matope.

Nimekwenda kwa Bibi Crerar mara ya tatu, nimempelekea mayai na skoni, vimikate vya chai. Leo nimejua jina letu: Gow ni mhunzi. "Mlikuja bonde hili na nyundo," kasema, "si na kondoo." Mhunzi! Nyumbani hatujawahi kusikia habari za mhunzi. Siku zote ni wakulima tangu Adamu.

Kisha akaniambia, bila hata kubadilisha sauti, kwamba shuleni alichapwa kwa kusema Kigaeli. Viganja. Katika darasa lile lile, mbele ya meza ile ile niliyokalia miaka thelathini. Akasema, usininunie, si wewe. Mimi sikununa. Sikujua tu nitazame wapi.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya ibada nilipanda Tom na Croich kuandika majina kwa mpangilio. Nikatazama konde la mtoni.

Kuna nyumba ndani yake.

Yaani mchoro wa nyumba. Konde zima ni kijani kilichopauka, na juu yake mistari ya manjano, imenyooka kama imepigwa rula. Pembe nne, na pengo la mlango. Ukuta wa katikati. Chumba kidogo upande mmoja, labda cha ng'ombe. Jua limekausha nyasi pale penye mawe chini ya ardhi. Nimepita hapo maisha yangu yote na ndoo za maziwa!

Nilimwita Wattie aje aone. Alisimama, mikono mfukoni. Mfereji wa zamani, kasema. Nikamwambia mfereji gani una mlango. "Hapakuwa na nyumba pale, Netta. Soma ukutani kanisani."

Anamaanisha bamba la shaba la Alexander Gow, baba wa babu yetu. ALIFANYA SHAMBA PASIPOKUWA NA KITU. Nimelisoma kila Jumapili tangu nijue kusoma.

Alhamisi, 29 Julai

Niandike lote kabla halijanitoka.

Nilimwambia Bibi Crerar kuhusu mistari. Fimbo ikamdondoka. Akauliza: chumba cha ng'ombe kiko upande wa mto? Nikasema ndiyo. Akauliza: ukuta wa katikati uko karibu na mwisho wa juu? Ndiyo. Akafumba macho muda mrefu nikadhani amesinzia.

Kisha: "Si juu. Nani amewaambia juu? Ni Màiri."

Akanieleza kama mtoto. Katika Kigaeli, Màiri akiwa na kitu chake, jina lake hulainika mwanzoni. Si Màiri tena, ni Vàri. Croit Vàri. Kishamba cha Màiri. Nililitamka baada yake mara tano. Mara ya tano akasema, hapo sasa.

Màiri Crerar alikuwa bibi yake, mama wa baba yake. Mjane. Nyumba ile ilikuwa yake, na ya wazazi wake kabla yake. Jirani yake alikuwa mhunzi, Sandy Gow. Alexander wetu. Majira ya baridi ya mwaka 1866 dada yake Màiri aliugua homa kule Dundee. Màiri akamwomba mhunzi amkamulie ng'ombe na asiuache moto wake uzimike, yeye anarudi karibuni. Akaenda na mwanawe mgongoni. Alikaa majuma kumi na moja, dada akafa, akarudi na yatima wa dada.

Paa hakuna. Moto hakuna. Mhunzi alikwenda kwa msimamizi wa mwenye ardhi akasema mjane amekwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya Dundee, harudi. Akapewa mkataba. Na mawe yalikuwa yameanza kupandishwa mlimani kwa mikokoteni.

Nikauliza mawe ya nini. Sijui kwa nini niliuliza. Nyumba yetu ilijengwa 1868, iko juu mlimani, kuta nene. Baba alikuwa akizisifu.

"Na ng'ombe?" nikauliza. Ovyo tu, nilihitaji kusema kitu.

"Ah, ng'ombe alimrudisha," kasema Bibi Crerar. "Mtu wa haki, babu yenu. Ng'ombe alimrudisha, nyumba akabaki nayo."

Màiri alijenga kibanda huku mwisho wa bonde, akaishi miaka thelathini na mitatu zaidi akiiona ile nyumba mpya kila asubuhi. Peigi alikuwa na miaka kumi bibi yake alipokufa. Anaikumbuka mikono yake. Nikasema, labda Alexander aliamini kweli kwamba harudi. Bibi Crerar akakubali – labda. "Bibi yangu naye alisema labda. Alisema: lakini angeweza kuuliza."

Nimerudi polepole. Naandika nimeegemea ukuta wa jikoni. Nimeacha kuuegemea.

Ijumaa, 30 Julai

Nimeunguza skoni. Zote.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimemwambia.

"Nani kakwambia? Yule bibi kizee?"

"Ana jina, Wattie."

"Miaka mia na kumi! Sasa unataka nifanye nini, niivunje nyumba nimrudishie mawe?"

"Nataka kuandika maana ya jina, basi."

"Andika juu. Baba alisema juu."

"Juu ya nini? Pale kila baridi tunaokoa kondoo kwa mashua!"

Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, jina la babu yake liko ukutani, na hatakubali kuonekana mwizi mbele ya parokia nzima kwa sababu dada yake amepata kamusi. Akatoka. Akarudi. Akasema, "Na hapakuwa na nyumba." Akatoka tena.

Kiti nimekiinua mimi.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya tano Wattie anazungumza na mbwa. "Mwambie huyo chai imepoa." Mbwa ananitazama. Mbwa ana haya kuliko sisi sote.

Joto halipungui. Kutoka barabarani sasa mistari inaonekana wazi. Dereva wa posta alipunguza mwendo akachungulia. Kesho bonde zima litajua.

Jumanne, 10 Agosti

Kwa Mchungaji. Nilimweleza yote. Alijikuna kidevu, akaenda dirishani, akarudi. Mwema, lakini anaogopa kelele. Akasema kijitabu ni cha kusherehekea, labda tuyaache mashamba, tubaki na vilima na vijito. Vilima havina wajukuu.

Nikamwomba vitabu vya kikao cha wazee wa kanisa, vya miaka ile. Niliogopa – je, kama bibi amechanganya? Mtoto wa miaka kumi hukumbuka anachosimuliwa. Nilitaka kujua. Basi. Nilitaka tu kujua.

Kitabu cha 1867. Vumbi, wino umekuwa rangi ya chai. Orodha ya maskini waliosaidiwa Novemba. Wa nne:

"Mary Crerar, mjane, zamani wa Croftvary. Blanketi moja, unga."

Mary, yaani Màiri kwa Kiingereza – zamani wa Croftvary! Niligonga meza, Bi Laidlaw akaja mbio. Kisha nikashuka mpaka chini ya ukurasa kuona ni nani karani aliyeandika.

A. Gow.

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko mzuri, herufi zimelala vizuri. Neno "zamani" limekatwa na kuandikwa tena, kama mtu aliyesita na kalamu. Au kalamu ilikuwa mbovu. Sijui. Nimelitazama kwa miwani yangu na kwa miwani ya Mchungaji.

Mchungaji aliniazima kitabu. Akasema, Bi Gow, taratibu.

Jumatano, 11 Agosti

Nilikiweka wazi mezani, mahali pa sahani yake. Nikaenda kwa kuku.

Niliporudi chai yake ilikuwa haijaguswa. Kitabu kimefungwa. Kimefungwa kwa adabu, utepe umewekwa kwenye ukurasa.

Jumatatu, 16 Agosti

Wattie amewahamisha kondoo kutoka konde la mtoni. Majani pale bado yapo, kwingine ndiko kumekauka. Sikuuliza. Kwenye saa sita nilimwona kutoka dirishani akitembea kule peke yake, anaufuata mstari, anageuka kwenye pembe, anaufuata tena. Kama mtu anayepima kapeti.

Wakati wa chakula alisema, moja kwa moja kwangu, si kwa mbwa: "Ndogo."

Nikasema nini ndogo.

"Futi ishirini na nane kwa kumi na tatu. Na ng'ombe humo humo."

Akaomba chumvi.

Alhamisi, 19 Agosti

Nina sura mbili. Moja ina vilima na vijito tu, kurasa sita, inapendeza, Kanali peke yake ndiye atakayekasirika. Nyingine ina Croftvary: Croit Mhàiri, ndivyo Vàri inavyoandikwa, kishamba cha Màiri, na kisa chake. Mchapaji anataka karatasi tarehe thelathini.

Nilimsomea Bibi Crerar ile ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikategemea machozi, au shukrani – ndiyo, nilitegemea, niseme ukweli. Akasema nimeandika "mwaka 1866" mara tatu, mara moja yatosha. Kisha akasema kitabu ni shauri langu, yeye kwa macho hayo atakisoma lini.

"Ninachotaka ni kuiona. Kabla ya mvua. Mvua ikija nyasi zitaota, itaondoka tena."

Hajawahi kukanyaga pale! Miaka themanini na saba, maili mbili na nusu. Baba yake aliwakataza – mpaka muwe mmekaribishwa. Nikasema mimi nakukaribisha. Akanitazama, au akatazama mahali nilipo. "Mkataba una jina la nani?"

La Wattie.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza kondoo alikuwa na funza. Mara ya pili nilikuwa mwoga.

Jumatano, 25 Agosti

Redio inasema mvua mwisho wa wiki. Watu wote wanafurahi. Wattie kasema vizuri, akakaa. Halafu kasema, bila sababu: "Hivi yule bibi anaona mpaka wapi?"

Nikasema anaona mwanga na kivuli, na kitu kikiwa karibu. Rangi ya manjano anaiona vizuri zaidi.

Akasema, "Ah."

Nikafungua mdomo. Akachukua kofia akatoka.

Ijumaa, 27 Agosti

Naandika ndani ya gari. Daftari liko juu ya usukani. Mawingu meusi mlimani, upepo umegeuka, harufu ya vumbi na maji.

Nilimchukua Bibi Crerar saa tano. Amevaa koti lake la kwenda kanisani. Njiani alitaja majina tuliyopita, moja moja, kwa sauti ndogo. Nilikusudia kusimama getini tu. Kutoka getini angeona kidogo, hatungekuwa tumekanyaga ardhi ya mtu.

Wattie yumo kondeni. Sikumwambia! Nami sikujua kama angekuwepo. Amesimama katikati ya mistari, kofia kichwani, ametugeuzia mgongo. Geti liko wazi. Limefungwa kwa kamba lisirudi. Sisi huwa hatuliachi wazi.

Bibi Crerar aliuliza yule ni nani. Nikasema kaka yangu. Akasema nibaki garini. Kwa sauti ya mwalimu. Nimebaki.

Ameingia kwa fimbo, polepole. Nyasi kavu, nasikia zinavyovunjika. Ameufikia mstari wa kwanza. Ameugusa kwa fimbo. Amesimama nje yake. Hauvuki.

Wattie amegeuka.

Bibi anamwuliza kitu. Sisikii, kioo nimeshusha lakini upepo unachukua. Wattie anatazama chini. Anaonyesha kwa mkono – huko, upande wa mto, mbele kidogo. Bibi Crerar haoni. Wattie anasema tena, kwa nguvu, sasa nasikia: "Mlango! Mlango uko huku, Bi Crerar!"

Tone moja kwenye kioo cha mbele. La pili.

Bibi anaufuata ukuta kwa nje, fimbo inagonga gonga mstari. Amefika kwenye pengo. Amesimama pale, wima, mikono yote miwili juu ya fimbo. Anangoja.

Wattie yuko ndani. Amevua kofia. Hajui aiweke wapi. Sasa anatembea. Anatoka – kwa mlangoni, si kwa kukanyaga ukuta – amepita kwenye pengo, ameinama kidogo kana kwamba paa lipo. Amesimama kando, mkono ameunyoosha ndani, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Mvua inakuja sasa, ya kweli, naiona inashuka mlimani. Hakuna anayekimbia. Wattie anasema kitu. Midomo naiona, maneno siyapati. Bibi naye kageuza sikio kumsikia, bado hajaingia, na mimi nina mkono kwenye kitasa cha mlango wa gari na sasa nalifunga daftari.